Mvua ya Mawe Isiyo ya Barafu

Ijumaa tarehe 14 Agosti 1992, saa 9:40 alasiri, mji wa Mbale ulinyeshewa mawe. Kwa kawaida Mswahili akitaja mvua ya mawe ana maana ya barafu, ile inayogonga mabati mpaka watu walio chumba kimoja wasisikilizane, na ikishapita huacha migomba imechanika majani. Ya siku ile haikuwa barafu. Yalikuwa mawe kweli, yenye ganda jeusi nje na kijivu ndani, na hayakuyeyuka.

Mbale imekaa chini ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Kenya. Mwaka ule ulikuwa wa imbalu, jando la Wagisu, ambalo hufanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na Agosti ndio mwezi wa kuanza ngoma. Kelele peke yake, basi, isingemshangaza mtu. Lakini mngurumo uliotoka juu alasiri hiyo haukufanana na ngoma yoyote, na nyuma yake vitu vikaanza kuanguka. Kipande kimoja kilipiga jani la mgomba, kikapotoka njia, kikamgonga mtoto wa kiume kichwani. Kilikuwa na gramu 3.6, pungufu kidogo ya kijiko cha chai cha sukari, na mgomba ulikuwa umeshakipunguza kasi. Mtoto hakuumia. Kipande kikubwa kuliko vyote kilichopatikana kilikuwa na kilo 27.4. Hicho kingemkuta yeye, mgomba usingefua dafu.

Msomaji wa Tanzania akisikia neno kimondo huliona akilini lile bonge la Mbozi, chuma kitupu cha tani zipatazo 16, kitu kimoja kilichokaa mahali pamoja ambacho hakuna mtu aliyekiona kikianguka. Vimondo vingi haviji hivyo. Huja kama mwamba mmoja, vikapasukia hewani, na kufika chini vikiwa familia iliyotawanyika. Aliyeokota jiwe moja la Mbale alikuwa ameokota neno moja la barua iliyochanwa na kurushwa juu ya mji. Na barua ya namna hiyo haisomeki kwa kutazama neno lililoko mkononi. Sharti ujue kila kipande kiliangukia wapi.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu wenye mji walikuwa wameshaanza kuokota, na kila mmoja alikuwa na lake. Uganda ya mwaka 1992 ilikuwa katikati ya miaka mibaya kabisa ya UKIMWI. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa hazijawafikia wananchi wa kawaida. Baadhi ya watu waliyasaga mawe yale wakayala, wakiamini ni tiba iliyoshushwa kutoka juu. Aliye mbali na msiba huweza kucheka. Aliyekuwa na mgonjwa ndani, na hospitali imeshamwambia hakuna la kufanya, aliona jambo jingine: kitu kimetoka mbinguni, kimeangukia kwangu, na bado nikitupe?

Muda mfupi baada ya tukio, msafara wa watafiti uliingia Mbale. Ripoti ya kisayansi iliyotoka mwaka 1994 ina majina ya Peter Jenniskens, Hans Betlem na Jan Betlem, wote Waholanzi, pamoja na E. Barifaijo na T. Schlüter na wenzao wa maabara. Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu na mdomo. Ulikuwa umesimama wapi? Ulisikia nini kwanza? Jiwe lilitokea upande gani? Hebu twende ukanionyeshe shimo. Kisha jiwe linapimwa uzito, na mahali pake panawekwa alama kwenye ramani. Jiwe hubebwa mfukoni, lakini shimo halibebeki, na mtu akishahama na jiwe lake bila kuonyesha shimo, nusu ya habari imekwenda. Msafara uliweza kuthibitisha mahali 48 palipoangukiwa, kwa vipande vya kuanzia gramu 0.19 hadi hicho cha kilo 27.4. Kufikia Oktoba 1993, uzito uliokuwa umekadiriwa ulikuwa wa vipande 863.

Alama hizo 48 zikajipanga katika eneo la kilomita 3 kwa 7. Umbo refu namna hiyo si bahati nasibu. Chukua konzi ya mchanga uliochanganyika na kokoto, uirushe mbele yako: kokoto zitafika mbali, mchanga utaishia karibu na miguu, ukipeperushwa kidogo na upepo. Kimondo kilichopasuka hufanya vilevile. Vipande vizito huilazimisha hewa iwapishe na kusonga mbele, vyepesi hukamatwa mapema vikashuka kama unyoya. Kwa hiyo mwenye ramani ya mawe anaweza kurudi nyuma, kutoka ardhini kwenda juu, na kukisia mwamba ulipasukia wapi, ukiwa na ukubwa gani, ukienda kasi gani.

Kwa Mbale hesabu ilitoka hivi. Mwamba ulioingia angani ulikuwa na uzito kati ya kilo 400 na 1,000, na huenda ulikaribia zaidi hiyo 1,000. Ulikuja kwa kasi ya kilomita 13.5 kwa sekunde, kasi ya kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa nusu dakika na ushei. Ulianza kumeguka ukiwa juu zaidi ya kilomita 25, na mpasuko wa mwisho, ule uliousambaratisha kabisa, ulitokea kati ya kilomita 10 na 14 kutoka ardhini. Kilo zipatazo 190 zilifika chini, na kati ya hizo 150 zikapatikana. Kilo 40 zinazobaki zimo mashambani na kwenye tope, na nyingine, kwa walioyala mawe, zilipita njia isiyo na ramani.

Vipande viwili vilipelekwa maabara kupimwa mionzi, kimoja kikafika siku 12 tu baada ya kuanguka. Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Mwamba unapozunguka angani hupigwa na miale ya anga, na ndani yake huzaliwa elementi zenye mionzi ambazo nyingine hupungua kwa nusu ndani ya siku chache. Ukichelewa unakuta zimekwisha.

Kazi hii ya kuuliza watu na kutia alama ina babu yake, naye ni kijana wa miaka 29 aliyetumwa vijijini kaskazini-magharibi mwa Ufaransa mwaka 1803.

Wakati huo wanazuoni wengi wa Ulaya walikuwa hawakubali kwamba mawe hutoka angani. Wanakijiji walisema huanguka, wasomi wakawaambia wameona radi ikipiga jiwe lililokuwapo, au wameota. Mwaka 1790 mawe yalianguka Barbotan, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na watu wapatao 300 wakatia sahihi hati ya kushuhudia. Hati ile iliwapa wasomi jambo la kuchekea. Mwaka 1794 Mjerumani Ernst Chladni alichapisha kitabu akidai kwamba mawe haya hutoka nje ya dunia, naye hakuaminiwa na wengi. Mwingereza Edward Howard alipoyapima mawe ya namna hiyo mwaka 1802 na kukuta ndani yake nikeli, watu wachache wakaanza kutulia na kufikiri.

Kisha, tarehe 26 Aprili 1803, mnamo saa 7 mchana, mawe yapatayo 3,000 yakaangukia L'Aigle na vijiji vyake huko Normandy. Elfu tatu ni nyingi mno kuzifutilia mbali kwa kicheko. Waziri wa mambo ya ndani, Chaptal, akamtuma Jean-Baptiste Biot akachunguze.

Biot hakwenda L'Aigle moja kwa moja, na kwa maoni ya mwandishi huyu hapo ndipo ilipokuwa akili yake yote. Alianzia mbali, Alençon, akiwauliza wasafiri na waendesha magari ya farasi: mlisikia nini siku ile, saa ngapi, upande gani? Alitaka kujua kama mlio ulisikika kwa watu ambao hawakuwa na habari yoyote ya mawe na hawakuwa na la kushindania. Alipofika kwenye eneo lenyewe akawahoji watu wa kila aina, wakulima, mapadri, wanawake waliokuwa kazini, na akakuta wanakubaliana ingawa hawakuwa wamekaa kikao. Akatazama taka za matanuri ya chuma ya jirani, asije akaambiwa baadaye kwamba mawe yale ni makapi ya wahunzi. Hayakufanana. Akauliza kama mawe ya namna ile yalikuwa yakionekana pale kabla ya Aprili, na hakupata aliyewahi kuyaona.

Halafu akachora ramani. Mawe yote yaliingia ndani ya umbo la yai lenye urefu wa kilomita 10 hivi na upana wa 4, na makubwa hayakuchanganyika ovyo na madogo. Shahidi mmoja anaweza kudanganya. Kijiji kizima kinaweza kushikwa na uvumi. Lakini vijiji zaidi ya 20, kila kimoja kikieleza habari zake tu, haviwezi kwa pamoja kutunga umbo la yai ambalo hakuna hata kimoja kinachoweza kuliona lote. Biot alisoma ripoti yake Paris mwezi Julai mwaka huohuo, na baada ya hapo kukanusha mawe ya angani kukawa kazi ya kujitia aibu.

Jenniskens, ambaye jina lake ndilo linalotangulia kwenye ripoti ya Mbale, alipata nafasi ya pili miaka 16 baadaye, na safari hii hapakuwa na wanakijiji wa kuuliza. Palikuwa na jangwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 2008, Richard Kowalski alikuwa kwenye darubini ya Mount Lemmon huko Arizona, Marekani, akifanya kazi ya kila usiku ya kusaka asteroidi, yaani miamba inayolizunguka Jua. Akaona kidoa kinachotembea. Vidoa vya namna hiyo huonekana mara kwa mara. Tofauti ni kwamba hesabu za hiki zilionyesha kinaelekea duniani moja kwa moja, na kingefika kwa muda wa saa zipatazo 20. Haikuwa imewahi kutokea katika historia kwamba mwanadamu aone mwamba angani, ataje mahali utakapoingia, na uingie. Kikapewa jina la 2008 TC3. Kipenyo chake kilikuwa mita 4 hivi na uzito tani zipatazo 80. Watazamaji wa nchi mbalimbali, wa kulipwa na wa kujitolea, walikipima mahali pake zaidi ya mara 500 kabla hakijazama kwenye kivuli cha Dunia. Kwenye kisiwa cha La Palma, darubini ya William Herschel iliwahi kupima mwanga wake, rangi kwa rangi.

Mahali palipotajwa ni jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan. Jumanne tarehe 7 Oktoba, saa 11:46 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, kikaingia. Rubani wa ndege ya abiria iliyokuwa juu ya Chad, kilomita 1,400 kutoka pale, alikuwa ameshapewa taarifa, akatazama upande ule na kuona mmweko. Setilaiti za hali ya hewa ziliona. Na huku Kenya, mitambo inayosikiliza mawimbi ya sauti ya chini mno, yasiyofikiwa na sikio la mtu, ilinasa mtikisiko wake, na kutoka humo wataalamu wakakadiria nguvu ya mlipuko kuwa sawa na tani 1,100 hadi 2,100 za baruti ya TNT.

Mwamba ulipasukia kilomita 37 juu. Hapo ni juu mno, na wengi wakahitimisha kwamba umegeuka vumbi na habari yake imekwisha.

Jenniskens, ambaye sasa alikuwa katika Taasisi ya SETI ya California, hakukubali. Alikwenda Khartoum akakutana na Muawia Shaddad, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Khartoum. Wawili hao wakaanza kama Biot na kama Mbale: kuwatafuta walioona. Katikati ya jangwa hupita reli ya Wadi Halfa hadi Abu Hamed, ambayo jeshi la jenerali Mwingereza Kitchener liliilaza mwaka 1897 kwa ajili ya vita dhidi ya dola ya Mahdi iliyotawala Sudan. Vituo vyake vingi havikupewa majina, vilipewa namba tu. Kimojawapo ni Almahata Sitta, Kituo cha Sita, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa neno hilo la pili, maana tulilichukua kwa Waarabu zamani na kulifanya letu. Watu wa kituo hicho waliuona moto wa alfajiri ile.

Mwanzoni mwa Desemba mabasi yalitoka Khartoum yakiwa na wanafunzi na wafanyakazi 45 wa chuo. Mstari wa njia ya mwamba ulikuwa umekokotolewa Marekani na kushushwa juu ya ramani ya jangwa. Watu wakajipanga safu moja, bega likitazama bega kwa mbali, wakaanza kutembea wakikagua mchanga. Ukitazama picha za siku zile utadhani ni watu waliopoteza sindano. Jangwa lina mawe meusi yake mengi. La kutafutwa ni lile lenye weusi wa kuungua, changa, lisilopigwa na mchanga miaka mingi. Mwenye kuliona hapaswi kulikamata kwa mkono mtupu. Anaita, jiwe linapigwa picha likiwa lilipo, GPS inasoma mahali, namba inatolewa, ndipo jiwe linafungwa kwenye karatasi ya foili.

Mwanafunzi mmoja akaona la kwanza. Safari hiyo ya kwanza ilipata mawe 15. Mwishoni mwa mwezi huohuo watu 72 wakarudi jangwani, na idadi ikafika 47, dogo kabisa likiwa na gramu 1.5 na kubwa gramu 283. Yote kwa jumla yalikuwa kilo 3.95, katika ukanda wa takribani kilomita 29. Kutoka tani 80! Lakini madogo yalilala magharibi na makubwa mashariki, kama konzi ya mchanga na kokoto inavyotaka, kwa kuwa mwamba ulikuja ukitokea magharibi. Makala yao ilitoka kwenye jarida la Nature Machi 2009.

Kwa mara ya kwanza watu walikuwa na asteroidi waliyoipima ikiwa bado angani, na vipande vyake mkononi. Rangi ile iliyopimwa La Palma ililinganishwa na jiwe la Kituo cha Sita, na zikaoana. Jiwe lilikuwa ureiliti, kundi la vimondo vilivyojaa kaboni na hata almasi ndogo mno, lakini lenye matundu mengi kuliko ndugu zake.

Kisha watafiti wakaja kushangazwa. Misafara iliendelea kwa miaka, mawe yakapita 600 na uzito ukapita kilo 10, na kadiri yalivyopasuliwa maabara ndivyo ilivyoonekana kwamba si yote ni ureiliti. Mengine yalikuwa ya koo tofauti kabisa, ambazo kwa desturi ya sayansi hii zisingekaa kwenye jiwe moja. Mtaalamu aliyekaa Ulaya, akiletewa mawe hayo kwenye kisanduku bila maelezo, angeyapanga kwenye rafu tano au sita na kuyaandika kuwa vimondo vya miaka na asteroidi mbalimbali. Alichokosa ni mstari wa wanafunzi wa Khartoum. Mawe hayo yaliokotwa kwenye ukanda uleule, yakiwa na ganda changa lilelile, na vipimo vya mionzi ya muda mfupi vikaunga mkono: yalianguka pamoja. Asteroidi yenyewe ilikuwa rundo la mabaki ya magimba kadhaa yaliyogongana zamani na kushikamana tena.

Jiwe namba 202 lilikuwa mojawapo ya hao wageni. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba wamekuta ndani yake madini ya amfiboli, ambayo huhitaji maji, joto na mgandamizo wa muda mrefu ili yaumbike. Mambo hayo hayapatikani kwenye mwamba mdogo. Walikadiria kwamba gimba mama la jiwe hilo lilikuwa na kipenyo cha kati ya kilomita 640 na 1,800, gimba ambalo halipo tena. Kipande walichofanyia kazi kilikuwa na miligramu 50, chepesi zaidi ya mara 70 kuliko kile kilichomgonga mtoto wa Mbale.